Barua kwa mwanangu: hesabu ya vyuma vinne

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata pamoja na mchoro wa chekeche. Unasema krenki, yaani chuma kinachozungushwa na mota, inazunguka vizuri, halafu ikielekea upande ulio mbali na chekeche inagoma, na wenzako wanataka mnunue mota yenye nguvu zaidi. Msinunue. Mota haina kosa. Tatizo liko kwenye urefu wa vyuma, na kulijua inatosha hesabu ya kujumlisha.

Una vyuma vinne. Cha kwanza ni fremu yenyewe. Wengi husahau kuihesabu kwa sababu haiendi popote. Kati ya pini zake mbili umeandika sm 20. Krenki ni sm 9, fimbo inayosukuma sm 18, na mkono unaoyumbisha chekeche sm 10. Sasa jumlisha kifupi kuliko vyote na kirefu kuliko vyote: 9 na 20 ni 29. Kisha viwili vilivyobaki: 18 na 10 ni 28. Krenki haiwezi kumaliza duara ikiwa jumla ya kwanza imeizidi ya pili. Hiyo ni kanuni ya Mjerumani Franz Grashof, wa karne ya 19, na ukiitazama kwenye mchoro wako utaiona kwa macho. Krenki inapoelekea mbali kabisa na mkono, ncha yake iko sm 29 kutoka pini ya mkono. Fimbo na mkono vikinyooshwa hadi mwisho vinafika sm 28. Hapo hata uweke mota ya lori, kitakachotokea ni pini kukatika.

Najua ulirefusha krenki ili chekeche liyumbe sana. Irudishe sm 4, vingine uviache. Utapata 24 dhidi ya 28, na mkono utayumba kama digrii 47, ambazo kwa kuchekecha mahindi zinatosha. Angalia pia pembe kati ya fimbo na mkono. Ikikaribia digrii 90, msukumo wote unafanya kazi. Ikibana sana, fimbo inauminya mkono badala ya kuusukuma, na pini zinaanza kucheza mapema. Kwa vipimo hivi haitashuka chini ya digrii 60. Mpangilio mzuri sana huo.

Na nataka uijue hali nyingine, maana siku moja utabuni kitu kinachosukumwa kutoka upande wa pili. Unaikumbuka cherehani ya miguu ya bibi yako? Vyuma ni vinne vilevile, ila pale anayeendesha ni mkono unaoyumba, yaani pedeli. Mguu unakanyaga, fimbo inapanda na kushuka, krenki inazungusha gurudumu kubwa, na mkanda unapeleka mwendo juu. Katika kila mzunguko kuna sehemu mbili ambapo fimbo na krenki vinalala kwenye mstari mmoja. Hapo kanyaga utakavyo, gurudumu halitikisiki. Linapita kwa sababu ni zito na lilikuwa tayari kwenye mwendo. Ndiyo maana bibi yako kwanza huvuta gurudumu dogo la juu kwa kiganja, kuelekea kwake, ndipo akanyage. Likisimama kwenye sehemu hiyo lingeweza kuanza kurudi nyuma, na uzi ungefungamana chini ya kitambaa. Miaka yote niliyotengeneza cherehani, napenda kuwatazama mafundi wakifanya hivyo bila hata kuangalia.

Mwaka 1784 James Watt, mhandisi wa Uskoti, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mpangilio wa vyuma uliotatua shida kubwa ya injini yake ya mvuke. Ncha ya boriti, yaani mhimili mrefu uliobembea juu ya injini, ilikwenda kwa tao, lakini fimbo ya pistoni ilitakiwa kupanda na kushuka wima. Mnyororo ungeweza kuivuta tu, na injini yake mpya ilikuwa inasukuma pia. Alipanga vyuma vinavyoyumba vikasahihishana, mwendo ukawa karibu mstari ulionyooka. Karibu tu, ulionyooka kabisa alikuja kuupata Mfaransa Peaucellier mwaka 1864. Hata hivyo Watt, akiwa mzee, alimwandikia mwanawe kwamba uvumbuzi huo ndio aliojivunia kuliko yote aliyobuni. Ninamwelewa.

Programu ya kompyuta mliyopewa chuoni itumie, lakini baadaye. Kwanza kata kadibodi ngumu, toboa matundu, funga kwa pini, kisha zungusha kwa kidole pole pole. Pale inapotaka kugoma kidole kitahisi uzito kabla jicho halijaona chochote, na ni muhimu uuzoee uzito huo.

Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Usichomelee chochote bado. Nitumie vipimo vinne vipya, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, wala si kutoka ncha ya chuma hadi ncha.

Ni mimi baba yako