Marx hakuwapa fimbo ya kuchapia washairi

Vijana wangu wa kikundi cha kusoma,

Jumamosi nilikaa kiti cha nyuma nikanyamaza, ila mpaka leo roho haijatulia. Yule binti kasoma shairi lake la bibi anayesuka ukili usiku, kidole gumba kimepasuka na bado anasuka maana gulio ni kesho, mara mmoja wenu akadakia "hilo halina tabaka, ni la kibwanyenye tu", na nyie mkapiga makofi. Binti akakunja karatasi yake mara nne akaitia mkobani. Mmemwonea, nasema waziwazi.

Eti Marx, yule mwanafalsafa wa ukomunisti, ndo kasema shairi lipimwe kwa tabaka. Kasema wapi? Mwaka 1857 yeye mwenyewe alikuwa anajiuliza inakuwaje sanaa ya Wagiriki wa kale, jamii ya watumwa ile, bado inawaburudisha watu wa zama za viwanda. Engels, mwenzake Marx, naye 1888 akamwandikia mwandishi wa riwaya Margaret Harkness kwamba kadiri maoni ya mwandishi yanavyojificha ndo kazi inavyokuwa bora, akamtolea mfano Balzac, mwandishi Mfaransa, mtu wa wafalme kabisa yule, lakini riwaya zake zimewaanika makabaila aliowapenda. Na Lenin 1908 kamwita mwandishi Tolstoy kioo cha mapinduzi ya Urusi, Tolstoy huyo huyo kabaila mwenye mashamba!

Haya yenu Moscow walishayafanya miaka ya 20 na 30, mpaka mshairi wao mkuu Pushkin anapimwa kwa tabaka alilozaliwa, na aliyesimama kuwapinga hakuwa bepari, alikuwa Mikhail Lifshitz, Mmarx aliyekusanya maandishi ya Marx na Engels kuhusu sanaa. Halafu 1934 uhalisia wa kijamaa, yaani sanaa itumikie ujenzi wa ujamaa, ukapitishwa kwenye kongamano la waandishi, 1936 Pravda, gazeti la chama tawala, ikaishambulia opera ya mtunzi wa muziki Shostakovich, mwongozaji wa maigizo Meyerhold akafungiwa ukumbi wake 1938, akapigwa risasi 1940. Wanangu, nikisikia makofi yenu nawakumbuka hao.

Si kosa lenu peke yenu, najua. Shuleni tumewafundisha shairi ni kusaka dhamira na ujumbe, mtoto anajaza hoja tano anaenda zake, vina na mizani hakuna anayevisikiliza.

Someni Lukács, mhakiki Mmarx, someni na mnaowapinga, mkichambua anzeni na lugha.

Jumamosi ijayo mwombeni radhi yule binti, alisome tena taratibu, na mtu asifungue mdomo mpaka bibi amalize mkeka wake.