Wanafunzi wa utawala wapelekwe ofisi za vijiji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi la kupeleka wanafunzi fildi (mafunzo kwa vitendo) katika ofisi za vijiji, kwa vyuo vinavyofundisha utawala wa umma hapa Mbeya, hasa Ndaki ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe, ambayo wahitimu wake ndio maofisa tarafa na wakurugenzi wetu wa kesho. Mzumbe yenyewe ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, kabla ya kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo (IDM) mwaka 1972 na chuo kikuu mwaka 2001, kwa hiyo ninachoomba si kigeni kwake.

Nilihudhuria mkutano mkuu wa kijiji kimoja wilayani Rungwe, ambako kijana aliyekuwa fildi alipewa kazi ya kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Alisoma vizuri, kwa sauti, akitaja maneno ya kihasibu: kasma, vifungu na bakaa. Bibi mmoja aliyeketi chini ya mparachichi akanyanyuka, akauliza: "Mwanangu, zile elfu tano tano tulizochanga zimenunua bati ngapi?" Kijana alipekua karatasi zake zote, jibu hakulipata, na watu wakaanza kuondoka kwenda kuchuma chai. Sikumlaumu. Aliniambia baadaye kwamba muda wote wa fildi aliutumia masjala ya halmashauri akipanga mafaili.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, kuwa mamlaka ya juu kabisa katika kutunga sera za jumla za kijiji. Anayesomea sera, basi, amekosa jambo kubwa sana ikiwa hajawahi kuandaa mkutano huo tangu tangazo linapobandikwa ubaoni, akidi (idadi ya chini ya wahudhuriaji inayotakiwa) inapohesabiwa, hadi muhtasari unaposainiwa.

Kwa kuwa mikutano hiyo hufanyika kila robo mwaka, mwanafunzi akae kijijini miezi mitatu kamili, chini ya mtendaji wa kijiji, ambaye mara nyingi hana msaidizi hata mmoja. Suala la malazi lisiwe kikwazo. Familia zetu zimezoea kupokea walimu wapya. Naomba vyuo viziandikie halmashauri mapema, kabla ratiba ya mikutano haijapangwa.

Mtendaji wa kata mstaafu,
Tukuyu, Mbeya