Chungu cha kupozea sio friji jamani

Mhariri, naomba kanafasi kadogo maana hii habari ya "friji la udongo" imenichosha. Kila mtu siku hizi anakwambia chukua vyungu viwili, kimoja kiingie ndani ya kingine, katikati jaza mchanga, mwagia maji, funika na kitambaa kilicholowa, basi eti una friji bila umeme. Mimi ninacho na nakitumia kila siku, kinafanya kazi vizuri tu, ila friji sio, na hapo ndo watu wanapoharibu vyakula vyao.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Cha kwanza nilikipaka rangi ya mafuta kwa nje ili kipendeze, halafu nikakitia stoo ambako hata dirisha hakuna. Siku ya nne nafunua, nyanya zimeota ukungu mweupe, mchanga bado umelowa chapachapa lakini chungu ukikigusa kwa nje kikavu na wala hakina ubaridi. Kumbe nilikuwa nimeziba vile vitundu vya udongo! Maji yanatakiwa yatoke kwenye mchanga, yapenye mpaka nje, yageuke mvuke, na yakigeuka mvuke yanaondoka na joto la chungu, sawa na jasho linavyopoza mwili, na ni joto jingi kwelikweli, maana kukausha kilo moja ya maji kunakula joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyatoa kwenye ubaridi wa barafu mpaka yachemke. Sasa ukishapaka rangi, au ukachagua chungu kinachong'aa kama sahani, maji yatatokea wapi?

Cha pili nimekiacha hivyohivyo, kipo kivulini juu ya stendi ya chuma, upepo unapita mpaka chini ya kitako, maji asubuhi na jioni. Shika ubavu wake saa nane mchana utashangaa.

Ila nacho kina siku zake. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria, yule aliyepata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa vyungu hivi, alikuwa upande wa kaskazini ambako hewa ni kavu, ndo maana vilimkubali. Hewa ikiwa imeshiba unyevu, kama siku ile nguo hazikauki kambani, chungu nacho kinagoma, kinashusha digrii mbili tatu basi.

Halafu hili la nyama ndo linanitia hofu. Friji inatakiwa iwe chini ya digrii 5, chungu hata siku yake nzuri kipo huko kwenye 15 mpaka 20, na bakteria kuanzia 5 mpaka 60 wanastawi raha mustarehe. Kwa hiyo mboga na matunda sawa, lakini nyama, samaki, maziwa, wali uliobaki, hapana. Na usiniambie "nitapasha moto", kuna sumu bakteria wanaziacha kwenye chakula na moto wa jikoni hauziondoi. Mimi napika cha kuisha, full stopu.

Mkiandika tena habari za vyungu hivi Mhariri, hilo la nyama liwekeni juu kabisa kabla ya picha, na mumwambie fundi aache rangi yake dukani.

Msomaji wenu wa kila siku