Malalamiko: samaki wadogo wa kula ukoga mlioniuzia pamoja na tanki jipya

Kwa uongozi wa duka,

Habari za kazi. Naandika kuhusu ile seti ya tanki la lita 60 niliyonunua kwenu hapa Dar pamoja na samaki sita wadogo wa kula ukoga (ule utelezi unaoota kwenye vioo na mawe ya tanki), wale oto, jina lao kamili Otocinclus. Wamekufa wote. Meseji zangu za WhatsApp mmezisoma na jibu lililokuja ni kwamba samaki akishatoka dukani ni mali ya mteja, sasa naandika rasmi maana jibu hilo silikubali.

Kijana wenu aliyenihudumia alisema hawa hawahitaji chakula, wanajilisha kwa uchafu wa tanki, we weka maji, tia dawa ya kuondoa klorini, washa filta, kesho yake ingiza samaki. Na karatasi ya seti yenu imeandikwa hivyohivyo. Jamani, tanki lililojazwa maji jana lina ukoga gani? Vioo vinang'aa, mawe yameoshwa, mmea wa plastiki ndo kwanza umetoka kwenye nailoni yake. Oto anakula ukoga laini wa kijani na wa kahawia, na ule utando mwembamba unaojijenga kwenye mawe na majani tanki likishakaa miezi, tena anakwangua karibu kutwa nzima maana chakula chenyewe hakishibishi haraka, kwa hiyo kumtia kwenye tanki safi bila kumwekea kitu ni kumshindisha njaa. Na mavi ya samaki wenzake hayali. Hilo la kusema anakula uchafu muache kabisa kuwaambia watu.

Halafu hali waliyokuja nayo. Nina picha nilizopiga nilipofika nyumbani, bado wako kwenye mfuko, matumbo yamebonyea ndani. Oto mwenye afya akinata kwenye kioo unamwona tumbo limejaa, la mviringo, na hicho ndo kitu cha kwanza muuzaji anatakiwa kukiangalia. Wengi wa samaki hawa hawazalishwi, wanavuliwa kwenye mito ya Amerika Kusini, wanapita kwa madalali na kwenye mifuko safari yote hiyo bila kula vizuri, wanafika hoi. Kijana wenu mwenyewe aliniambia mzigo umeshuka juzi! Mlitakiwa mkae nao wiki kadhaa, muwawekee tango au mchicha uliopitishwa kwenye maji ya moto, mabaki yanatolewa kabla hayajaoza, mkiona matumbo yamejaa na wanachangamka ndo muuze. Sio kazi kubwa hiyo, mchicha uko kila genge.

Na hata wangekuwa wameshiba, maji ya tanki jipya yangewamaliza tu. Samaki wanatoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wa kuibadilisha kuwa nitriti, nayo sumu, kisha nitrati isiyo kali hivyo, wanachukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga ndani ya filta, kabla ya hapo samaki anaogelea kwenye sumu, na oto ni mmoja wa samaki wasiovumilia hali hiyo. Dawa ya klorini haileti hao bakteria. Maji yangu yalipimwa na jamaa anayefuga siku nyingi, amonia ikaonekana ipo, nikawa nabadilisha maji kidogo kidogo kila siku, nikawawekea na tango, wawili wakaanza kulikwangua nikapata matumaini, lakini walikuwa wameshaishiwa nguvu.

Kilichoniuma zaidi ni ofa yenu ya kunituliza, pleko mmoja, samaki mwingine wa kukwangua ukoga, kwa nusu bei eti huyo hafi ovyo. Oto anaishia kama sentimita 4, pleko wa kawaida anapita sentimita 30, kwenye lita 60 atageukia wapi? Na yule wa dhahabu mliyesema naye anakula ukoga, mla mwani wa Kichina, akikua anakuwa mkorofi na anawaganda samaki wenye miili mipana anawanyonya ute. Mnawauza wakiwa na urefu wa kidole, wakimshinda mtu anaenda kuwamwaga mtoni, na samaki wa ng'ambo kwenye mito yetu ni balaa lingine.

Naomba mnirudishie hela ya samaki wote sita. Tanki nabaki nalo, nitaliacha lijijenge. Lakini kubwa kuliko hela, toeni oto kwenye hiyo seti ya tanki jipya, futeni sentensi ya kwamba hawahitaji chakula, na muandike pale pale kwenye kioo cha dukani kwamba wanataka tanki lililokomaa, wakae kundi la sita au zaidi, na walishwe mboga ukoga ukipungua. Mtu akija na tanki la jana mwambieni arudi baadaye, atarudi tu, na atawaamini.

Risiti, picha za matumbo na meseji zenu nimeambatanisha. Nataka jibu la maandishi kutoka kwa meneja mwenyewe, kijana wa kaunta msimsumbue, yeye alisema alichofundishwa.

Mteja wenu,
Dar es Salaam