KUH: MAMA YANGU KUSHUSHWA GARINI NDANI YA MSITU WA ARABUKO-SOKOKE

Kwa Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa dereva wenu Jumamosi hakuwa nayo hata chembe.

Masharti ya safari mnayajua, mliyaandika wenyewe. Tulipoiacha miti ya mirihi kwenye mchanga mweupe tukaingia vichaka vya miti ya mifunda kwenye udongo mwekundu, alisimamisha gari akamwambia mama yangu, mwenye miaka 71: "Shukeni mngoje hapa. Wageni wanataka kumwona bundi, tukiwa wengi atatoroka." Nikamuuliza, na ndovu je? "Nyinyi si watu wa huku? Mmewazoea." Akaondoka. Tukangoja kwa muda wa saa moja na dakika ishirini!

Bwana Meneja, bundi mdogo wa Sokoke hulala mchana ndani ya vichaka, na hutafutwa kwa miguu na mwelekezi anayeujua mti wake. Gari lijae au liwe tupu, halimhusu. Basi tulishushwa kwa sababu gani?

Mama amezaliwa Dida, pembezoni mwa msitu huo huo. Alitaka tu kumwona tena sengi mwenye matako ya dhahabu, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, akipekua majani makavu, kama alivyomwona utotoni. Hakumwona. Na asubuhi mlituchukua saa tatu badala ya saa kumi na mbili, jua limeshawaka, ndege wamenyamaza.

Narudia, maana bado silali. Mwanamke wa miaka 71 ameketi juu ya leso yake kando ya njia. Hatua kumi kutoka alipo kuna mavi ya ndovu, mabichi. Maji yetu ya kunywa yamo ndani ya gari linalotokomea. "Mmewazoea." Mama akanigeukia: "Mwanangu, kwani sisi hatukulipa?" Sikuwa na la kumjibu.

Nilipoanza barua hii nilitaka msamaha tu. Sasa nataka nauli yote ya watu watatu irudishwe, na dereva huyo asiwapeleke tena watu msituni. Nawapa siku 14. Zikipita, nakwenda Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na kutoka hapo Mahakama ya Madai Madogo. Risiti ninayo, picha ninazo, na saa aliyotuacha nimeiandika.

Msamaha aandikiwe mama, kwa Kiswahili, na meneja autie sahihi mwenyewe. Mimi msinipigie simu.

Wenu,
Abiria wa viti nambari 5, 6 na 7