Shukrani kwa binti wa Uwanja wa Uhuru
Binti uliyekuwa Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, tarehe 26 Aprili 2024, Muungano ulipotimiza miaka 60, salamu hizi zikufikie popote ulipo. Mimi ni mkubwa kuliko huo Muungano wenyewe, na Rais Samia nampenda mno. Nilitaka nimwone kwa macho yangu, si kwenye runinga. Msongamano wa getini ulinilegeza magoti. Ukanishika mkono: “Bibi, pita mbele yangu.” Ukanipa nafasi yako, ukanifungulia maji, ukanipepea kwa mtandio wako. Rais alipoingia nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, nawe umenishika kiuno nisianguke. Jina lako silijui. Mungu akuzidishie, mjukuu wangu.