Risala ya Wazee na Watunzaji wa Bombo, Uganda, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazee Duniani, 1 Oktoba 2025

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa kijiji, afisa wa maendeleo ya jamii, masheikh, wachungaji, mwalimu mkuu uliyetupa uwanja, wazee wetu, mahaji na mahajati, mabibi na mabwana: asalaam aleikum, na ndugu zetu wa kanisani, Bwana asifiwe.

Karibu sana Bombo. Tunajua shughuli zako ni nyingi, na umetuheshimu mno kufika kabla ya adhuhuri, kwa kuwa wazee wapo hapa tangu saa mbili asubuhi.

Historia yetu ni fupi. Mji huu uliishi na kambi ya KAR, jeshi la wakoloni Waingereza, na wengi walioketi mbele yako ni watoto na wajane wa askari. Mwaka 2017 akina mama saba tulianza kuchanga sabuni na sukari kwa ajili ya wazee wasio na mtu. Leo tuko 43.

Mafanikio yetu ni makubwa, Mheshimiwa. Tunahudumia nyumba 31. Vijana wetu tisa wamejifunza kumgeuza mgonjwa wa kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, na kumwogesha mzee akiwa amefunikwa, ikifunuliwa sehemu inayooshwa tu. Wamejifunza kubisha hodi hata kama mlango uko wazi. Wamejifunza kumuuliza mzee mwenyewe ameamkaje, badala ya kumuuliza mjukuu aliyesimama pembeni kana kwamba mzee hayupo. Kiti cha magurudumu kilichokuwa kimetupwa kimefufuliwa na fundi baiskeli, na tabaga, vile vifuniko vya chakula vinavyosukwa na bibi zetu, zimefika hadi Kampala. Hakuna kikundi mjini hapa kilichofanya kama haya.

Tunaishukuru Serikali kwa mpango wa ruzuku wa SAGE ulioanzishwa mwaka 2010, unaowapa wazee waliofikisha miaka 80 shilingi 25,000 kwa mwezi. Hapa tunagusia jambo moja tu. Tunaye mama ambaye baba yake alirudi kutoka vita vya Burma, vilivyokwisha mwaka 1945, akamkuta anatembea. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa mwaka 1951. Amerudishwa mara tatu kutafuta karatasi ambazo hazikuwahi kuandikwa. Tunaomba msaada wako kwa huyo na wenzake sita, majina yao yamo kwenye bahasha.

Sasa, Mheshimiwa, jambo lililotufanya tukuite.

Kila Jumatano wazee wetu hukutana kwenye lile banda unaloliona nyuma ya mwembe. Hupimwa presha, hukatwa kucha, husuka, huzungumza. Kwa wengine ndiyo siku pekee ya juma wanapoitwa kwa majina yao. Lakini banda halina choo. Cha karibu ni choo cha shimo cha jirani, tunamshukuru sana, ila ni cha kuchuchumaa. Mwenye magoti ya miaka 78 akichuchumaa, hainuki bila kushikwa. Hivyo baba mzima, aliyelea watoto kumi, anainuliwa na kijana wa rika la mjukuu wake, nguo zikiwa magotini, mlango ukiwa wazi kwa sababu wawili hawatoshi ndani.

Wazee wametafuta njia yao. Siku ya Jumatano hawanywi kitu. Tunamimina chai, wanashika kikombe kwa adabu, wanakirudisha kimejaa. Mwaka huu mama mmoja alianguka njiani akirudi nyumbani, na muuguzi aliyempokea akatueleza kwamba mwili wake ulikuwa umekauka. Uzeeni kiu hupungua, na mzee asiyekunywa hupata maradhi ya mkojo upesi, hata akili ikavurugika kwa siku kadhaa. Watoto wake walidhani amerogwa. Kumbe mama yetu alikuwa anaficha haya yake.

Mheshimiwa, ombi hili si jipya. Mwaka 2022, kwenye uwanja huu huu, mgeni wetu wa siku ile alisimama akaahidi kujenga choo hicho ndani ya miezi mitatu. Tulipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, picha zikapigwa. Wiki iliyofuata wajukuu walichimba shimo la futi 15 ili mafundi wakija wasipoteze muda. Mafundi hawakuja. Tuliandika barua nne, na nakala zake tumekuandalia. Mvua za Novemba zikabomoa upande mmoja wa shimo, tukaliziba kwa mbao, nasi hadi leo tunawafukuza watoto wasilikaribie. Wazee watatu waliopiga makofi siku ile tumeshawazika. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu, Mheshimiwa. Tunayasema ili uelewe kwa nini leo, ukitamka ahadi, makofi yanaweza kuwa machache.

Tunachoomba kinajulikana. Vyumba viwili, cha wanaume na cha wanawake, kila kimoja na kiti cha kukalia chenye kimo cha sentimita 45 na vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Mlango wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite, unaofunguka kwa nje, maana mzee akiangukia ndani, mlango wa kusukuma utamzuia yule anayekuja kumwokoa. Njia ya mteremko mahali pa ngazi. Na maji ya kunawa. Tumekwisha kufyatua matofali 3,000, na fundi ni mwana wa mwanachama, hatatoza kitu. Kilichopungua ni sementi mifuko 25, mabati 12, vyuma, milango na tangi la maji.

Katiba ya mwaka 1995 inasema Serikali itaweka utaratibu unaofaa kwa ustawi wa wazee. Sisi tunaomba sehemu ndogo tu ya hayo, kabla ya mvua za Machi.

Chakula kiko tayari, Mheshimiwa, lakini kwa ruhusa yako tungependa kwanza utembee nasi hatua arobaini hadi kwenye lile shimo. Mama wa Burma ameomba akushike mkono njiani. Kisha, ukirudi kusimama hapa, utuambie tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.